Daftari la Benaco: Asili na Matumizi ya Istilahi "Udhibiti Shurutishi"

UTANGULIZI

Miongoni mwa kazi zinazomfikia mkuza istilahi, zile zinazoonekana nyepesi ndizo mara nyingi zinazomchelewesha. Si zamani sana ililetwa mezani petu rasimu ya mwongozo wa mafundi wa kompyuta, iliyokuwa imekwisha kufasiriwa kutoka Kiingereza. Mwongozo huo ulieleza jinsi ya kuiwekea mipaka huduma moja ya kompyuta ambayo kazi yake ni kusoma, usiku na mchana, daftari ambamo mfumo huandika kila tukio linalotokea ndani yake: nani ameingia, nani amekataliwa, programu ipi imesimama, faili lipi limefunguliwa. Huduma hiyo ikiona jambo la kutilia shaka humwarifu msimamizi. Mipaka yenyewe mfasiri aliiita "udhibiti wa ufikiaji wa lazima".

Kila neno hapo ni la Kiswahili, wala hakuna kosa la sarufi. Lakini hebu msomaji ayatazame tena maneno hayo. Udhibiti na ufikiaji ni majina ya ngeli moja, na yote mawili hupatanishwa kwa wa. Je, cha lazima hapa ni kipi: udhibiti, au ufikiaji? Mtu akisoma kwa namna ya kwanza, ataelewa kuwa kuna kizuizi kisichoepukika. Akisoma kwa namna ya pili, ataelewa kuwa kuna mtu anayelazimishwa kulifikia faili. Maana hizi mbili zinapingana kabisa, na sarufi imezifungulia zote mlango mmoja. Hata anayechagua maana ya kwanza hana salama, kwa kuwa atadhani kuwa ofisi yake imeamriwa kuweka udhibiti huo, hali mwongozo haukusema hivyo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tatizo hili haliwezi kutatuliwa kwa kamusi peke yake. Hapana budi tuitazame historia ya jambo lenyewe, yaani ni nani mwenye haki ya kuamua asomaye na aandikaye katika daftari. Historia hiyo haikuanzia katika kompyuta. Sisi Watanzania tunayo masjalani mwetu, na tunayo pia Benaco.

DAFTARI, MASJALA NA BATLI

Yafaa kwanza tuliangalie jina la daftari lenyewe. Kiingereza hulitaja daftari la matukio ya kompyuta kwa neno ambalo maana yake ya kwanza ni gogo. Asili yake ni baharini. Mabaharia wa Ulaya walikuwa wakitupa majini kipande cha gogo kilichofungiwa kamba yenye mafundo, wakahesabu mafundo yaliyopita mikononi mwao kwa muda maalumu, na hivyo wakajua mwendo wa meli. Hesabu hizo ziliandikwa katika daftari. Daftari likarithi jina la gogo. Na kompyuta nazo zikarithi jina la daftari. Mfasiri asiyeijua safari hii huweza kuandika "gogo la mfumo", na msomaji akacheka asijue anachokicheka.

Ajabu ni kwamba Kiswahili nacho kilikuwa na neno lake. Kamusi za zamani zimehifadhi neno batli, la mabaharia wa pwani, kwa maana ya chombo hicho hicho cha kupimia mwendo wa meli. Wako wenzetu wanaopenda lifufuliwe. Sisi tunaliheshimu, lakini hatulipendekezi kwa kazi hii, kwa sababu mtumishi wa Ngara au Biharamulo hatalielewa bila ya kuelezwa, hali daftari analielewa tangu shule ya msingi.

Neno masjala lina uzito zaidi kwa shabaha yetu. Linatokana na mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa sajili, msajili na usajili. Mwaka 1967, Serikali ilipoagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria, masjala ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo lugha ililazimika kufanya kazi ya ofisi. Hata leo mtumishi wa umma anajua tofauti ya masjala ya wazi na masjala ya siri. Anajua pia kwamba jalada likipigwa muhuri wa siri, muhuri huo haumwangalii mtu usoni. Ofisa aliyeiandika barua kwa mkono wake mwenyewe hana ruhusa ya kumpa rafiki yake aisome, ingawa ni yeye aliyeiandika. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 ililiweka jambo hilo nje ya hiari yake.

Hapa ndipo penye kiini cha istilahi tunayoitafuta. Barua binafsi iliyomo mfukoni mwa mtu, mwenyewe huamua amwonyeshe nani. Barua iliyomo katika masjala ya siri, uamuzi haumo mikononi mwa mwandishi wake, wala wa mtunza masjala, wala wa mkuu wa ofisi anayetaka kumfanyia mtu hisani. Kanuni ilikwisha kuamua kabla yao.

BENACO, 1994

Benaco ni njia panda katika Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera, kwenye barabara iendayo Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Jina lake si la Kihangaza wala la Kishubi. Lilitokana na kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake mahali hapo. Neno kambi lilibadilika maana pale pale lilipokuwa. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa takriban saa 24, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na wengi wao wakakusanywa Benaco. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema kuwa halijapata kuona watu wengi kiasi hicho wakivuka mpaka kwa muda mfupi kiasi hicho. Njia panda ikawa mji katika usiku mmoja.

Mji huo ulihitaji daftari. Huwezi kugawa mahindi, maharagwe na mafuta bila ya kujua ni watu wangapi wanaokula. Watumishi wa mashirika walikuwa wachache, na hawakuwajua watu. Waliowajua walikuwa viongozi wao wa zamani, kwa kuwa wakimbizi walipangwa kwa kufuata komyuni walikotoka, yaani mitaa ya utawala wa Rwanda ilihamishiwa kambini pamoja na wakuu wake. Basi katika miezi ya mwanzo orodha zilitoka kwa viongozi hao, na chakula kikapitia mikononi mwao.

Matokeo yake yamekwisha kuandikwa na wengi. Orodha zilivimba. Majina yasiyokuwa na watu yalipata posho, na watu wasiokuwa na kinga ya kiongozi walipungukiwa. Wahenga walisema kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Hapa aliyefaidika na daftari ndiye aliyelitunza, ndiye aliyeliandika, na ndiye aliyeamua nani alione. Tena baadhi ya viongozi hao walikuwa wakituhumiwa kuhusika na mauaji ya kimbari yaliyokuwa bado yanaendelea ng'ambo ya mto. Mwezi Juni 1994 ilipojaribiwa kumwondoa kambini Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa kiongozi wa komyuni ya Murambi, maelfu ya wakimbizi waliwazingira na kuwatishia wafanyakazi wa misaada, na mashirika yakasimamisha kazi kwa muda. Gatete alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, mwaka 2011. Mwaka 2012 rufani ilimpa kifungo cha miaka 40. Huyo ni mfano wa watu waliokuwa na nguvu juu ya daftari na juu ya wale walioandikwa ndani yake.

Tusiitazame Benaco kana kwamba ni habari ya wizi wa mahindi tu. Daftari lina hatari mbili. Ya kwanza ni ya kuandika: aandikaye asivyostahili huongeza watu hewa, au hufuta walio hai. Ya pili ni ya kusoma: asomaye asivyostahili hujua nani ametoka wapi, analala hema lipi, na ni mtoto wa nani. Katika kambi ambamo muuaji na shahidi walichota maji kisima kimoja, hatari ya pili haikuwa ndogo kuliko ya kwanza.

Baadaye mashirika yalihesabu watu upya na kubadili utaratibu wa kugawa chakula, ili kifikie vikundi vidogo na kaya bila ya kupitia kwa wakuu wa komyuni. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirejeshwa kwao, na kambi ikafungwa. Lakini swali la Benaco halikufungwa: ni nani aamuaye asomaye na aandikaye?

SWALI HILO HILO KATIKA KOMPYUTA

Wahandisi wa kompyuta walikutana na swali hilo kabla ya Benaco, kwa njia yao. Kompyuta zilipoanza kutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, utaratibu uliozoeleka, hasa katika mfumo wa Unix ulioanza mwaka 1969, ulikuwa kwamba kila faili lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye aamuaye nani asome, nani aandike, na nani asilione kabisa. Juu ya wenye mafaili wote alikuwapo msimamizi mkuu, asiyezuiwa na lolote. Utaratibu huo ni rahisi na unafaa kazi nyingi. Udhaifu wake ni kwamba programu anayoiendesha mtu hupata haki zote za mtu huyo. Programu ikihadaiwa, mwenyewe amehadaiwa. Na ikiwa mwenyewe ni msimamizi mkuu, mfumo mzima umekwenda.

Mwaka 1972 James P. Anderson aliliandikia Jeshi la Anga la Marekani taarifa iliyoeleza wazo la mlinzi anayekaa kati ya kila muombaji na kila kinachoombwa. Mlinzi huyo alitakiwa kuwa na sifa tatu: asipitike pembeni, asichezewe, na awe mdogo kiasi cha kuweza kukaguliwa mpaka watu waridhike naye. Mwaka 1973 David Elliott Bell na Leonard LaPadula waliandika kanuni za mlinzi huyo kwa lugha ya hisabati. Kwa lugha ya masjala kanuni zao ni mbili: mtu asisome jalada la daraja lililo juu ya idhini yake, na mtu aliyesoma jalada la siri asinakili yaliyomo katika jalada la wazi. Kanuni ya pili ndiyo wageni huisahau. Siri hutoka kwa kuandikwa chini sawa na inavyotoka kwa kusomwa juu.

Mwaka 1983 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilichapisha vigezo vya kupima usalama wa kompyuta, katika kitabu kilichojulikana kwa rangi ya machungwa ya jalada lake. Vigezo hivyo vilitenganisha aina mbili za udhibiti: ule unaotegemea uamuzi wa mwenye faili, na ule unaotegemea muhuri ambao mwenye faili hawezi kuubandua. Ndiyo aina hii ya pili ambayo mfasiri wetu aliiita "ya lazima". Desemba 2000 Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani lilitoa kwa umma kazi yake iitwayo SELinux, na mwaka 2003 kazi hiyo iliingizwa katika kiini cha Linux. Tangu hapo jambo lililokuwa la majeshi likawa la kila fundi, pamoja na fundi wa halmashauri ya wilaya.

MWANGALIZI NA DAFTARI LAKE

Sasa tunaweza kurudi kwenye mwongozo ulioletwa mezani petu. Huduma inayofuatilia daftari la matukio tunapendekeza iitwe huduma ya uangalizi. Wako waliosema "upelelezi", na wako waliosema "kuchungulia". Upelelezi una nia ya kumkamata mtu, na kuchungulia kuna nia ya kuficha uso. Mwangalizi, kama yule wa uchaguzi, anatambulika waziwazi, anaona kila kitu, wala hapigi kura. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo tunayoitaka: huduma isome daftari, isiandike ndani yake.

Ni kwa nini huduma hii inahitaji mipaka mikali? Kwa sababu inasoma yote. Daftari la matukio hubeba majina ya watu, saa walizoingia, mahali walipoingilia, na pengine hata maneno ya siri waliyoyaandika kwa makosa mahali pasipostahili. Mwangalizi akitekwa na mwizi bila ya mipaka kuwapo, mwizi atasoma habari za watu wote na kisha kufuta nyayo zake. Mipaka ikiwapo, atasoma alichoruhusiwa mwangalizi kusoma, lakini kufuta hataweza. Hasara ni kubwa, ila ushahidi umesalia.

Utaratibu wa kusanidi mipaka hiyo, kwa istilahi tunazopendekeza, ni kama ufuatao. Kwanza fundi huandika mahitaji ya kazi: madaftari yapi yatasomwa, huduma itaweka wapi alama ya mahali ilipofikia, na itamwarifu nani kwa njia ipi. Pili, kila kitu hupigwa muhuri wake: programu ya huduma, madaftari, na faili dogo la huduma yenyewe. Tatu, huandikwa kanuni: mwenye muhuri wa mwangalizi na asome vyenye muhuri wa daftari, na aandike katika faili lake tu, na apeleke habari kwa njia moja iliyotajwa. Kisichotajwa kimekatazwa.

Nne, huduma huendeshwa katika hali ya kuarifu, ambamo kila uvunjaji wa kanuni huandikwa lakini hauzuiwi. Yafaa hali hiyo iendelee mpaka daftari lijae, lifungwe, na jipya lifunguliwe, maana hapo ndipo mihuri hupotea. Faili likihamishwa kutoka saraka moja hadi nyingine, kwa kawaida huenda na muhuri wake wa zamani. Likinakiliwa, nakala huchukua muhuri wa mahali ilipofikia. Mtunza masjala analijua jambo hili vizuri kuliko fundi: jalada la siri lililosahauliwa juu ya meza ya wazi bado lina muhuri, lakini nakala iliyoandikwa upya juu ya karatasi nyeupe haina.

Tano, fundi huzipitia arifa zote moja moja. Kuna zana zinazoweza kuligeuza kila katazo kuwa ruhusa kwa amri moja, na fundi mvivu huzipenda. Kufanya hivyo ni kuwapa wakuu wa komyuni orodha tena, kwa kuwa kila aliyelalamika amekubaliwa bila ya kuulizwa. Katazo huenda likawa kosa la kanuni; huenda pia likawa ndiyo dalili ya kwanza ya uharibifu. Sita, baada ya hayo yote, huduma huwekwa katika hali ya kuzuia, na kanuni huanza kushika.

MAPENDEKEZO YA ISTILAHI

Kuhusu istilahi kuu, njia tatu zilikuwa wazi. Ya kwanza ni kubaki na lazima na hiari. Tumekwisha kuonyesha utata wa lazima, na hiari ina utata ule ule, kwa sababu "udhibiti wa hiari" huweza kueleweka kuwa ni udhibiti ambao ofisi inaweza kuuacha. Ya pili ni kutaja aamuaye, tukasema udhibiti wa mmiliki na udhibiti wa mamlaka. Njia hiyo ni nzuri kwa upande wa mmiliki, na tunaikubali. Kwa upande wa mamlaka tunaikataa, na Benaco ndiyo sababu. Mkuu wa komyuni naye alikuwa mamlaka. Shabaha ya udhibiti huu ni kumfunga hata mwenye mamlaka, na hata msimamizi mkuu wa mfumo.

Kwa hiyo tumechagua njia ya tatu, ya kivumishi shurutishi, kilichoundwa kutokana na kitenzi shurutisha kwa mfano wa shirikishi, elekezi na wezeshi. Tukisema udhibiti shurutishi wa ufikiaji, kivumishi kimekaa ubavuni mwa jina linalohusika, na mlango wa maana ya pili umefungwa. Orodha yetu basi ni hii:

Daftari la matukio: kumbukumbu ambayo mfumo hujiandikia.
Huduma ya uangalizi: programu isomayo daftari hilo na kuarifu.
Udhibiti wa mmiliki: mwenye faili ndiye aamuaye nani alifikie.
Udhibiti shurutishi: kanuni huamua, na mwenye faili hawezi kuitengua.
Muhuri wa usalama: alama ya daraja au aina, isiyobanduliwa na mmiliki.
Hali ya kuarifu na hali ya kuzuia: kanuni inapoandika tu, na kanuni inaposhika.

Tumechagua muhuri badala ya lebo kwa sababu lebo hubandikwa dukani na hubanduliwa nyumbani, hali muhuri hupigwa na aliyepewa kazi hiyo.

HITIMISHO

Msomaji mwangalifu huenda akatuuliza kama udhibiti shurutishi ni jina jingine la haki. Jibu ni kwamba sivyo. Watu waliovuka daraja la Rusumo walitoka katika nchi ambayo kwa miaka 60 hivi ilikuwa imewaandika raia wake kabila katika kadi za utambulisho, utaratibu ulioanzishwa na utawala wa Kibelgiji katika miaka ya 1930. Kadi ile nayo ilikuwa muhuri ambao mwenyewe hakuweza kuubandua, na mwaka 1994 katika vizuizi vya barabarani watu waliuawa kwa sababu yake. Kanuni mbaya ikishurutishwa huwa mbaya maradufu. Kwa hiyo kabla ya swali la nani asome, kuna swali la nini kiandikwe. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatudai tuyajibu maswali yote mawili, wala si fundi peke yake anayedaiwa.

Mfasiri anayeandika "ufikiaji wa lazima" hajamdhuru mtu siku ile ile. Lakini mwongozo wake utamfikia mtumishi fulani aliyekabidhiwa daftari la watu wasioweza kujitetea, na mtumishi huyo atatenda kama alivyoelewa. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa Serikali wazijaribu istilahi hizi katika kazi zao, na watuletee pale zinapokwama.